Uzito Uko kwenye Ukurasa, Si kwenye Kivinjari

Swali huja karibu kila wiki, na huja vilevile: nina Raspberry Pi ya RAM GB 1, Chromium inakwamakwama, nitajie kivinjari chepesi. Muulizaji anataka jina tu. Akishalipata anakisakinisha kivinjari hicho, anafurahi siku mbili tatu, kisha anarudi kulalamika kwamba nacho kinakwama.

Jina hilo halipo. Imani kwamba programu yenye faili dogo la kupakua ndiyo nyepesi kazini imewamalizia watu bando na muda, na inaudhi zaidi inapoenezwa na mafundi wanaopaswa kujua. Faili la kusakinisha hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Kinachoijaza RAM ni ukurasa uliofunguliwa: picha, video, na hasa JavaScript ambayo kivinjari hakina budi kuisoma na kuiendesha. Ukurasa wa gazeti uliosheheni matangazo utakielemea kivinjari chochote kitakachokubali kuuonyesha mzima.

Chukua Falkon, inayosifiwa sana. Dirisha lake ni safi, vitufe vichache, lakini ndani mna QtWebEngine, na QtWebEngine ni injini ileile ya Chromium. Midori nayo bado inapendekezwa kwa sifa za enzi za injini ya WebKit, ilhali ya sasa imejengwa juu ya Firefox. Waundaji wa Raspberry Pi wenyewe walikiacha kivinjari chepesi cha Epiphany wakahamia Chromium mwaka 2016, wakati bodi yao yenye RAM kubwa kuliko zote ilikuwa na GB 1 tu.

Dillo na NetSurf ni habari nyingine. Hivi ni vyepesi kweli, Dillo inafunguka papo hapo. Lakini Dillo ni nyepesi kwa sababu haiendeshi JavaScript kabisa. NetSurf inaiendesha kidogo tu. Makala ya Wikipedia utaisoma vizuri. Gmail huingii, maana Google iliuondoa ule mwonekano wake wa HTML tupu mwaka 2024. YouTube ndiyo usahau. Wepesi wa namna hii unatokana na kuacha kazi, na asiyekuambia hivyo anakudanganya.

Huniamini? Kwenye Chromium bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka jedwali linaloonyesha RAM inayoliwa na kila tabo. Fungua tabo ya mtandao wa kijamii, kisha linganisha na ya ukurasa wa maandishi matupu. Kivinjari ni kilekile, tofauti imeletwa na kurasa.

Na kabla hujagusa kivinjari, tazama umeme. Alama ya radi ikitokea kwenye kona ya skrini, bodi haipati volti za kutosha na inajipunguzia kasi yenyewe. Mara nyingi chanzo ni chaja ya simu au waya mwembamba. Fungua terminal, andika vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme na joto viko sawa. Likiwa jingine, tafuta chaja ya volti 5 na ampea 3 kwanza, na hakikisha bodi haifiki nyuzi 80 za joto, ndipo tuzungumze vivinjari.

Sasa cha kufanya. Bodi ya MB 512, kama Zero 2 W: Dillo au NetSurf kwa kusoma, usiilazimishe zaidi ya hapo. GB 1: Firefox au Chromium inayokuja na Raspberry Pi OS, ikiwa na masasisho yote, tabo mbili basi, na uBlock Origin kwenye Firefox ya kuzuia matangazo. Washa zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe, usirundike swap (nafasi ya kusaidia RAM) kwenye kadi, ambayo ni ya polepole na huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Video zitazame kwa 480p. GB 4 kwenda juu: tumia Chromium, swali hili halikuhusu. Shule isiyo na intaneti ya uhakika iweke Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, pamoja na Wikipedia yake kwenye kadi, bodi irushe Wi-Fi, na wanafunzi wasome kwa vivinjari vya simu au kompyuta zilizopo darasani.