Gumba la John Fahey

Mwaka 1959, kijana wa miaka 20 kutoka Takoma Park, Maryland, alitoa santuri mwenyewe, kwa fedha ambazo sehemu yake aliipata kwa kazi ya kituo cha mafuta. Zilitoka nakala 100 tu. Upande mmoja wa jalada liliandikwa jina lake, John Fahey. Upande wa pili Blind Joe Death, mpiga bluzi kipofu wa kubuni.

Hakuna anayeimba humo. Kuna gitaa kavu moja la nyuzi za chuma, na nyimbo zisizozoea kukaa pamoja: bluzi za watu Weusi wa Kusini mwa Marekani, wimbo wa kale wa John Henry mjenzi wa reli, St. Louis Blues ya W. C. Handy, hata wimbo wa kanisani.

Kinachoziunganisha ni dole gumba. Gumba la Fahey hurukaruka kwenye nyuzi nene, ya sita, ya nne, ya tano, ya nne, bila kuyumba, likawa besi na ngoma kwa mpigo mmoja. Vidole vingine vinabaki huru kubeba wimbo. Aliyezoea wimbo wa Masanga wa mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga atautambua ufundi huo papo hapo, ingawa Bosco alitosheka na gumba na kidole cha shahada. Kwa vipande vingine Fahey alilegeza nyuzi, hata zikiguswa wazi zikatoa sauti zinazopatana.

Lakini kwenye kipande kiitwacho The Transcendental Waterfall gumba linaacha kazi yake. Sauti inapigwa, inaachwa ining'inie mpaka ife yenyewe, kisha zinafuata mbili zinazogombana. Humo umo upenzi wake kwa mtunzi Bartók. Kwa maoni yangu, hapa ndipo santuri hii inapozidi nyingine zote za wakati wake: majaribio yanatoka kwa mtu aliyeijua bluzi kwa undani. Ni Fahey huyohuyo aliyetuma barua Aberdeen, Mississippi, mwaka 1963 kumtafuta mzee Bukka White, mwimbaji wa bluzi, kwa sababu tu White aliutaja mji huo katika wimbo. Barua ilimfikia.

Fahey aliirekodi upya santuri hiyo mwaka 1964, na tena 1967. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza katika rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Ukiipata, isikilize mara mbili: ya kwanza fuata gumba peke yake, ya pili fuata vidole.