Jiko la makaa: lijue kabla hujaliingiza chumbani

Wiki iliyopita nilikwenda Kibokoni kumpongeza mpwa wangu aliyejifungua. Mvua ilikuwa ikinyesha, madirisha yote yamefungwa, na kando ya kitanda limewekwa jiko la makaa ili mzazi na mtoto wapate joto. Hata robo saa haikuisha, kichwa kikaanza kunigonga. Mpwa wangu naye akasema, "Mjomba, nasikia kizunguzungu." Tukafungua madirisha na jiko tukalitoa nje.

Dada yangu akajitetea: "Lakini hili ni la udongo, halina moshi!" Nikaona tuyafahamu majiko yetu vizuri.

La kwanza ni jiko la bati tupu, ambalo wazee huliita seredani. Ukichungulia ndani ni chuma kitupu, na ubavu wake huunguza. Joto jingi hupotea pembeni, ndiyo maana linakula makaa.

La pili ni hilo la udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, na ambalo wazo lake lilitoka Thailand. Bati lake limebanwa kiunoni, na ndani mna bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini. Udongo huzuia joto lisipotee, hivyo makaa hudumu zaidi. Ukinunua, kagua bakuli lisiwe na ufa, wala usilizime kwa maji, litapasuka.

La tatu ni lile refu la mishkaki, tunaloliona jioni kando ya barabara. Kisha kuna chetezo cha udi, chenye kaa moja au mawili tu.

Majiko haya yanatofautiana kwa umbo na kwa ulaji wa makaa, lakini kwa jambo moja yote ni mamoja. Makaa yakiwaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kwa hiyo moshi si kipimo: makaa yaliyoiva mekundu bila moshi wowote bado yanaitoa. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuiondoi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke kabisa.

Kumtunza mzazi ni mila yetu njema, na sisemi tuiache. Ila joto lipatikane kwa blanketi, uji wa moto, na mtoto kulazwa kifuani mwa mamake. Jiko, liwe la bati au la udongo, libaki mahali penye hewa. Na ukiingia chumba kilichofungwa ukakuta makaa yanawaka, usione haya kufungua dirisha, hata kama wewe ni mgeni.