Kriki ya Lori Inayochanja Kuni

Gogo lililonyooka na kukauka halihitaji mashine. Kijana mwenye shoka kali atalimaliza mimi sijafunga hata valvu ya mashine yangu. Mimi nilikuwa nawaza yale yanayoachwa porini na wapasua mbao wa msumeno wa moto: panda za matawi, vipande vyenye vifundo, mashina ambayo nyuzi zake zimesokotana. Hapa Lubutu, mashariki mwa Kongo, msitu uko kila upande, lakini mama anayeoka mikate au kuchemsha mawese hana la kufanya na gogo ambalo shoka linadunda juu yake. Linabaki kuoza.

Marekani na Ulaya mashine nyingi za kuchanja kuni huendeshwa kwa mota ya petroli inayosukuma mafuta ndani ya silinda ndefu. Kwetu petroli inakuja kwa barabara, na jiji la Kisangani peke yake liko zaidi ya kilomita 200. Nikaona mkono utatosha, mradi nipate kriki ya chupa ya tani 20, ile ya madereva wa malori. Watanzania huiita jeki.

Ndani yake mna pistoni mbili, ndogo na kubwa, na mafuta kati yao. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo unaenea sawasawa pande zote. Fundi makufuli wa Uingereza, Joseph Bramah, akalitumia jambo hilo kutengeneza mashine ya kukandamiza, akaisajili mwaka 1795. Tuseme pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimita 1 na kubwa sentimita 5: uso wa kubwa ni mara 25. Mpini nao ukizidisha nguvu mara 16, kilo 50 za mkono zinakuwa tani 20. Ila nguvu hiyo inalipiwa kwa mwendo. Pistoni ndogo ikishuka sentimita 2.5, kubwa inapanda milimita 1 tu. Sentimita 10 ni kupampu mara 100! Ndiyo sababu kuni rahisi naziachia shoka.

Fremu yangu imesimama wima. Vyuma viwili vya U, boriti chini, boriti juu. Kriki inakaa chini, juu yake bamba nene, kisha gogo, na kabari inaning'inia juu ikitazama chini. Kriki ya chupa ukiilaza vibaya inavuta hewa badala ya mafuta, na ukiipindua kichwa chini haifanyi kazi kabisa. Jambo la kuogopa ni boriti ya juu, maana tani zote zinajaribu kuing'oa. Siiachii mishono ya kuchomelea peke yake. Naifunga pia kwa bolti nene zinazopenya vyuma vyote viwili.

Kabari niliichonga kwa springi ya lori, chuma kilekile wahunzi wanachofulia mapanga. Ni kigumu, lakini ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka pembeni mwa mshono. Kipashe moto kwanza, ukichomelee, kisha ukizike kwenye majivu kipoe polepole. Makali yasiwe membamba mno, yatanasa ndani ya mti.

Kriki hairudi chini yenyewe, kwa hiyo springi mbili za pikipiki zinaivuta chini pale valvu inapofunguliwa. Mafuta yawe ya hidroliki. Wapo wanaojazia mafuta ya breki kwa sababu ndiyo yaliyopo dukani. Hayo yanaharibu mipira ya ndani, na kriki inaanza kuvuja.

Gogo likatwe fupi, ncha zake zikiwa sawa. Likisimama upande linachomoka kwa kishindo, kwa hiyo anayepampu anakaa ubavuni, na hakuna mkono wa mtu unaoshika gogo. Jirani yangu, mchanja kuni wa siku nyingi, alitazama akacheka: «Papa, hii ni mashine ya mtu asiye na haraka.» Siku hizi ananiletea vifundo vyake mwenyewe, na ni yeye anayepampu.