KODI YA NANI, KINGA YA NANI?

JUBA — Kabla jua halijachomoza ng'ambo ya Mto Nile, soko la Konyokonyo huwa limekwisha kuamka. Akina mama hutandika magunia chini, hupanga nyanya mafungu mafungu, hupima unga kwa vikombe, na wauza chai huwasha makaa. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutoka Uganda na Kenya. Imevuka mpaka wa Nimule juu ya malori, imelipiwa ushuru wa forodha, na njiani imesimamishwa penye vizuizi ambako dereva hutoa tena fedha. Fedha hizo zote, za halali na zisizo halali, hazibaki mfukoni mwa dereva wala mwa tajiri mwenye lori. Huongezwa katika bei ya unga, na anayezilipa mwishowe ni yule mama aliyekuja sokoni na kikapu chake.

Miongoni mwa akina mama hao wamo wake wa askari jeshi na wa polisi. Wengi wao wanaujua vizuri mwaka 2024, wakati mishahara ya watumishi wa Serikali, pamoja na ya vikosi vya ulinzi, ilipokosekana kwa miezi mingi mfululizo. Katika miezi hiyo ushuru wa unga haukukosekana hata siku moja. Yaani nyumba ambayo haikupata senti kutoka Hazina iliendelea kuichangia Hazina kila ilipopika.

Jambo hilo linazusha maswali mawili ambayo kila nchi duniani imepata kujiuliza. Ni nani anayestahili kubeba mzigo mkubwa wa kodi? Na mzigo huo ukishabebwa, ni nani anayestahili kukingwa nao?

Hesabu ya mfuko mmoja wa unga

Wataalamu wa fedha hugawa kodi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kodi ya moja kwa moja, ambayo hutozwa katika mshahara, faida ya biashara, kodi ya pango au mali. Fungu la pili ni kodi isiyo ya moja kwa moja, ambayo hufichwa ndani ya bei ya sukari, sabuni, mafuta na nguo. Ya kwanza huonekana, na kwa hiyo hulalamikiwa. Ya pili hulipwa kimya kimya.

Tuchukue mfano mdogo. Tuseme ndani ya bei ya mfuko mmoja wa unga zimo pauni 1,000 za ushuru. Nyumba yenye kipato cha pauni 20,000 kwa mwezi ikinunua mfuko huo, imetoa pauni moja katika kila ishirini ilizopata. Nyumba ya tajiri yenye kipato cha pauni 2,000,000 ikinunua mfuko ule ule, imetoa pauni moja tu katika kila elfu mbili. Kwa macho ya muuzaji wote wawili wamelipa sawa, lakini kwa kipimo cha uwezo, maskini ametozwa mara mia zaidi.

Hiyo ndiyo sababu nchi nyingi hupanga kodi ya mapato kwa ngazi, kila ngazi ya juu ikitozwa kiwango kikubwa zaidi. Nchini Tanzania kiwango cha juu kwa mshahara ni asilimia 30. Nchini Kenya, tangu Julai 2023, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 35. Nchini Uganda wenye vipato vikubwa sana hufikia asilimia 40. Hata hivyo, kiwango kilichoandikwa katika sheria ni jambo moja, na fedha zinazoingia ni jambo jingine. Mshahara wa mwalimu au wa koplo hukatwa kabla haujamfikia. Tajiri anayepangisha majumba kwa dola, au aliyeweka akiba yake katika benki za ng'ambo, hutafutwa kwa taa, na mara nyingine huwa na hati ya msamaha wa kodi mkononi.

Nchi iliyoegemea kisima kimoja

Sudan Kusini ina historia yake ya pekee katika jambo hili. Ilipojipatia uhuru tarehe 9 Julai 2011, karibu mapato yote ya Serikali yalitoka katika mafuta ya petroli. Kwa kuwa kisima kilikuwa kinatiririka, haja ya kujenga utaratibu wa kodi haikuonekana kuwa ya haraka.

Kisima hicho kimekauka zaidi ya mara moja. Januari 2012 uchimbaji ulisimamishwa kwa ajili ya ugomvi na Sudan juu ya malipo ya kupitisha mafuta, na haukuanza tena mpaka mwaka 2013. Desemba ya mwaka huo huo vita vilizuka mjini Juba, na visima vingine vikafungwa. Desemba 2015 thamani ya pauni iliachwa ifuate soko, na katika siku moja dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa pauni tatu hivi ikapanda hadi kiasi cha pauni 18. Mshahara wa askari ulibaki na tarakimu zile zile, ila nguvu yake sokoni ilikuwa imetoweka. Kisha, baada ya vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023, bomba kubwa linalopeleka mafuta Port Sudan liliharibika Februari 2024, na Hazina ikabaki mikono mitupu kwa muda mrefu.

Mamlaka ya Taifa ya Mapato iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ili nchi iweze kukusanya fedha zisizotokana na mafuta. Kazi hiyo si rahisi. Ushuru wa mpakani ndio mwepesi zaidi kuukusanya, kwa sababu lori lazima lipite langoni. Kodi ya pango la nyumba za kifahari, faida ya mikataba mikubwa na mali iliyofichwa huhitaji daftari, wakaguzi na, zaidi ya yote, ujasiri.

Yapo mengine ambayo sheria imekwisha kuyaona mbele. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Petroli ya mwaka 2013 iliagiza kuwe na akaunti ya kukinga bajeti wakati bei ya mafuta ikianguka, na mfuko wa vizazi vijavyo. Iliagiza vile vile kwamba asilimia 2 ya mapato hayo iende kwa majimbo yenye mafuta na asilimia 3 kwa wenyeji wa huko. Lau maagizo hayo yangalitimizwa kikamilifu tangu mwanzo, bomba lilipoharibika pangalikuwapo akiba ya kulipia mishahara.

Wenzetu walivyofanya

Norway nayo ilipata mafuta, mwaka 1969. Kampuni zinazoyachimba hutozwa kodi ya asilimia 78 ya faida. Mwaka 1990 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa akiba, na fedha za kwanza ziliwekwa mwaka 1996. Hivi sasa mfuko huo una zaidi ya dola trilioni moja, kwa taifa lenye watu wapatao milioni tano na nusu. Matajiri wa huko hutozwa pia kodi ya mali, na ilipoongezwa mwaka 2022 baadhi yao walihamia Uswisi. Mjadala ungalipo mpaka leo, lakini mzee wa Norway hapotezi pensheni yake kwa sababu tajiri mmoja amefunga virago.

Uingereza ilipita njia yenye mapambano. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee maskini wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi tano kwa wiki, na malipo yakaanza Januari 1909. Waziri wa Fedha, David Lloyd George, alipoleta bajeti ya mwaka huo yenye kuongeza kodi za wenye ardhi na vipato vikubwa, ili kulipia pensheni hizo pamoja na manowari, Baraza la Malodi lilikataa. Ilibidi ufanyike uchaguzi, na bajeti ikapita Aprili 1910. Hapo panaonekana kwamba kinga ya mzee kizee na kodi ya bwana mkubwa zilizaliwa katika nyumba moja.

Karibu nasi zaidi, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka katika fedha za Serikali yenyewe, na mwaka 2023 kiasi hicho kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Tanzania Bara ina TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo huzipa kaya maskini ruzuku na kuzihimiza kupeleka watoto shule na kliniki. Kenya ina mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Uganda huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 za huko.

Kenya imetoa pia funzo la uchungu. Mswada wa fedha wa mwaka 2024 ulikuwa na mapendekezo ya kutoza kodi hata mkate. Vijana waliingia barabarani, watu wengi wakapoteza maisha, na tarehe 25 Juni Bunge likavamiwa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kodi inayoanzia mezani pa maskini haiishii katika madaftari ya Hazina. Huweza kuishia barabarani, na hapo askari na raia, ambao ni watoto wa nyumba zile zile, husimamishwa uso kwa uso.

Sanduku na mipaka yake

Haitakuwa haki kusema kwamba wananchi wa Juba hawana kinga. Akina mama wengi wamo katika vyama vya kuchangiana vinavyoitwa sanduku: kila mmoja hutoa kidogo, na kwa zamu mmoja huchukua chote. Kwa fedha hizo mtoto amelipiwa karo, mgonjwa amepelekwa hospitali, na marehemu amezikwa kwa heshima.

Lakini sanduku lina mpaka wake. Humwokoa mmoja aliyeanguka wakati wengine wamesimama. Mshahara unapokosekana kambi nzima, wote huanguka mwezi mmoja, na sanduku hukauka siku ile ile linapohitajiwa. Mfuko wa taifa hutofautiana na sanduku la jirani kwa sababu ndani yake yumo pia mtu ambaye dhiki ya mwezi huo haikumgusa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maneno hayo yanafaa kwa sadaka. Hazina ya taifa haiwezi kungojea moyo wa mtu, ndiyo maana pakawa na sheria.

Kwa sasa sehemu kubwa ya kinga rasmi ya Sudan Kusini hutegemea fedha za nje. Mradi wa mwaka 2020 uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 40 ulizipa kaya maskini malipo kwa kazi za mikono, kama vile kutengeneza njia na kuzibua mitaro. Ni msaada wenye manufaa, ila mfadhili aweza kuondoka. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 imeitaja Tume ya Walemavu wa Vita, Wajane na Yatima. Mjane wa mpiganaji hakopeshwi na taifa, bali yeye ndiye anayelidai. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kodi iliyokusanywa kwa haki.

Wajibu wa kila nyumba

Mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kupanga viwango vya kodi, lakini yapo yaliyo katika uwezo wake. Mfanyabiashara anayetozwa ushuru adai stakabadhi, kwa kuwa fedha isiyoandikwa haifiki Hazina. Mama wa nyumba amweleze mtoto wake kwamba katika kila kipande cha sabuni kimo kiasi cha kodi, ili akikua ajue kuuliza imekwenda wapi.

Na askari anayesimama kizuizini, ambaye njaa ya watoto wake humsukuma anyooshe mkono kwa dereva, akumbuke safari ya fedha hiyo. Dereva ataiongeza katika bei ya gunia, gunia litafika Konyokonyo, na jioni mkewe atainunua kwa vikombe. Atakuwa amejitoza kodi mwenyewe, wakati mwenye majumba ya dola amelala bila kuguswa.

Huyo ndiye wa kuanziwa. Siku daftari la kodi litakapoanza kwa jina la mwenye nacho, mama wa Konyokonyo atautambua mchango wake, mdogo ulivyo, katika mshahara uliofika kwa wakati wake na katika pensheni ya mjane wa jirani.