Manowari ya bure, vipuri kwa fedha taslimu

MWAKA 2010 Marekani iliikabidhi Pakistan manowari kuukuu iliyokuwa ikiitwa USS McInerney. Meli ilitolewa kama zana iliyozidi mahitaji ya mwenyewe, lakini ukarabati wake uligharimu takriban dola milioni 65. Aliyewahi kununua lori lililochoka ataielewa hesabu hiyo.

Meli hiyo ni frigeti ya aina ya Oliver Hazard Perry, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1970 kwa kubana gharama. Hata propela ina moja tu. Zilijengwa 71: 51 za Marekani, 8 za Taiwan, 6 za Australia na 6 za Hispania. Wingi huo ndio uliofanya vipuri vipatikane. Kiwanda chenye wateja wa meli 71 hakisiti kuendelea kutengeneza pampu ileile.

Mambo yalibadilika mteja mkubwa alipoanza kuondoka sokoni. Meli ya kwanza, iliyoanza kazi mwaka 1977, ilistaafishwa mwaka 1997, na ya mwisho ya Marekani ilifuata mwaka 2015. Waliobaki na meli hizo, wakiwemo Uturuki, Misri na Taiwan, hata wakijumlishwa hawawezi kuagiza kwa kiasi kile.

Hata hivyo, si kila kipuri huadimika. Kila meli inaendeshwa na injini mbili za LM2500 za kampuni ya General Electric, zilizotokana na injini za ndege kubwa. Injini hiyo imefungwa katika manowari za mataifa mengi na hutumika pia kuzalisha umeme nchi kavu, kwa hiyo soko lake halitegemei frigeti hizi. Kinyume chake ni mtambo wa kurushia makombora wa Mk 13. Marekani ilianza kuung'oa katika meli zake mwaka 2003, baada ya kuachana na kombora la SM-1 lililorushwa nao. Kipuri cha mtambo wa namna hiyo hutoka ama ghalani, ama katika meli nyingine.

Uturuki iliona mbali. Mwaka 1999 ilichukua USS Duncan, si kwa ajili ya kusafiri, bali ing'olewe vipuri vya kuhudumia zile nyingine. Meli nzima ikawa duka.

Kwa mwenye hisa, kusikia kwamba kampuni fulani "inahudumia manowari" hakutoshi. Aulize ni kifaa gani, na nani mwingine anakinunua. Aulize pia kama wanunuzi bado wanatumia kifaa kilekile: Chile iliponunua frigeti mbili za Australia mwaka 2020, zilikuwa zimekwisha kubadilishwa mitambo ya makombora na vifaa vya elektroniki. Kwa nje zinafanana na za Misri, lakini orodha ya vipuri ni nyingine.