Kuandika Habari za Marehemu

Mtu akifa kijijini, jamaa hukusanyika. Wengine hutoka mbali. Wanawake hulala ndani juu ya mikeka, na wanaume hukaa nje kuuzunguka moto. Siku ya kwanza ni ya kilio. Siku zinazofuata watu huanza kuzungumza. Mmoja husema, "Mnakumbuka siku ile marehemu alipovuka mto uliofurika, na baiskeli kichwani?" Mwingine hudakia. Watu hucheka, na hata mjane hutabasamu kidogo. Kisha matanga huanuliwa. Kila mtu hurudi kwake pamoja na hadithi zake.

Sasa fikiri juu ya mtoto wa marehemu mwenye umri wa miaka miwili. Alikuwapo pale matangani, lakini alikuwa amelala mgongoni mwa shangazi yake. Akifika miaka 12 atauliza, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Ataambiwa, "Alikuwa mtu mwema." Huenda jibu hilo ni la kweli, lakini halimwonyeshi mtoto baba yake. Watu wema ni wengi. Mtoto anataka kujua baba yake alitembeaje, alipenda chakula gani, alikasirishwa na nini, na alimpataje mama.

Wewe umekwisha kujifunza kusoma na kuandika. Unaweza kumwekea mtoto huyo majibu. Unahitaji daftari, kalamu na subira.

Umwulize nani? Hakuna mtu mmoja aliyemjua marehemu kwa pande zote. Mama yake anajua utoto wake. Vijana wa rika lake wanajua mambo ambayo mama hakuambiwa. Mkewe anajua alivyohangaika usiku mtoto alipougua. Waliolima naye wanajua kama alikuwa wa kwanza kufika shambani au wa mwisho. Waulize wote. Mwulize hata jirani aliyegombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Tena usimsahau mtani. Katika sehemu nyingi za Tanzania watani huja msibani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani. Mtani huvaa koti la marehemu. Huigiza mwendo wake, hukohoa kama yeye, na hutaja ubahili wake mbele ya wafiwa. Mgeni asiyejua mila hii hudhani ni utovu wa adabu. Sivyo. Mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo ndugu hawezi kuyasema. Kwa maoni yangu, mtani mmoja hodari humrudisha marehemu mbele ya macho yetu kuliko hotuba ndefu ya sifa. Kwa hiyo andika aliyoyaigiza. Akisema marehemu alikuwa bahili, andika "bahili". Halafu, siku nyingine, mwulize mjane juu ya ubahili huo. Pengine atakwambia kuwa fedha zile zilikuwa zikiwekwa kidogo kidogo ili kununua bati za nyumba.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi yake. Ukiuliza, "Alikuwaje?" utajibiwa kwa sifa tupu. Uliza juu ya siku moja. "Mlijuana wapi?" "Ni siku gani alikukasirisha?" "Mlipoonana mara ya mwisho mlizungumza nini?" Hapo hadithi itatoka. Usimharakishe mfiwa. Akilia, weka kalamu chini. Akisema, "Neno hili usiliandike," usiliandike.

Wazee wengi hawataji mwaka, hutaja jambo. Mzee akisema, "Tulioana mwaka ule wa kuchimba vyoo," huenda anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosikika redioni mwaka 1973. Mwingine atasema alizaliwa tulipopata Uhuru, yaani mwaka 1961, au walipohamia kijiji cha ujamaa, au wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Andika kwanza maneno yake kama alivyoyasema. Mwaka uuandike pembeni.

Watu wawili wanaweza kupingana. Mmoja atasema marehemu alivuka mto kwa ujasiri, mwingine atasema alikuwa amelewa. Usiamue kesi hiyo. Andika hadithi zote mbili, na mbele ya kila moja andika jina la aliyeisimulia.

Labda utasema, "Mtu wetu hakuwa mkubwa, nani atasoma habari zake?" Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, alizaliwa katika nyumba ya watu maskini, wala hakujua kusoma. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na maisha yake yanasomwa hata leo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walisimuliwa mengi ambayo Wajerumani hawakuyaandika. Wazee wale wametutoka, lakini maneno yao yamebaki.

Siku hizi simu nyingi zinaweza kunasa sauti. Itumie kama unayo, maana sauti ya bibi ni mali. Lakini simu huibiwa na huharibika, kwa hiyo andika pia. Lifunge daftari kwa nailoni, uliweke sandukuni, mbali na mchwa na mvua. Mwambie mtu mwingine mahali lilipo. Kurasa za mwisho uziache tupu. Jamaa aliyechelewa kupata habari ya msiba atafika baada ya miezi miwili, naye atakuwa na hadithi yake.