Mtoto Mchanga Juu ya Pikipiki Wakati wa Kipupwe

Leo tutazungumza juu ya jambo tunaloliona kila siku hapa Liwatoni, Ganjoni, Mji wa Kale na hata ng'ambo Likoni. Ni mama aliyembeba mtoto mchanga juu ya bodaboda asubuhi na mapema, upepo wa kusi unavuma na manyunyu yanaanguka.

Huenda mtu akauliza, "Mombasa kuna baridi gani?" Ni kweli, theluji hatuna. Katika kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, joto la alfajiri hushuka hadi karibu digrii 20 tu. Mtu mzima hujifunika shuka yakaisha. Lakini mtoto wa siku tatu akipanda pikipiki, hali yake si sawa na ya mtu aliyelala ndani ya nyumba. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, hata kama hakuna upepo wowote, mtoto anapigwa na hewa inayopita kwa mwendo huo huo. Ongeza nguo iliyolowa, na mtoto huyo anaweza kupoa vibaya kabla hamjafika mnakokwenda.

KWA NINI MTOTO MCHANGA HUPOA UPESI

Mwili wa mtoto mchanga unatakiwa kuwa na joto la digrii 36.5 hadi 37.5. Ukishuka chini ya 36.5, mtoto ameanza kupoa.

Mtoto hupoteza joto kwa njia nne. Kwanza ni unyevu: maji yakikauka juu ya ngozi huondoka na joto, kama unavyosikia ubaridi ukitoka kuoga. Pili ni upepo, unaofagia hewa ya joto iliyo karibu na ngozi. Tatu ni kugusana na kitu baridi, kama jaketi iliyolowa ya mwendeshaji. Nne, mwili wenyewe hutoa joto kwenda kwenye vitu baridi vilivyo karibu hata bila kugusana navyo. Juu ya pikipiki wakati wa mvua, njia zote nne huwa wazi kwa pamoja.

Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na kule kutetemeka kunamletea joto. Mtoto mchanga hatetemeki. Yeye ana mafuta maalumu, shingoni na mgongoni, ambayo mwili huyachoma ili kupata joto. Kazi hiyo hutumia sukari na hewa nyingi. Ndiyo maana mtoto aliyepoa hulegea, hunyonya kwa udhaifu, kisha hupumua kwa shida. Kichwa chake pia ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto jingi hutokea hapo. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, hupoa upesi zaidi kwa sababu mafuta yake ni machache.

JE, BARIDI NDIYO HULETA NIMONIA?

Swali hili tunaulizwa sana kliniki. Watu wengi wanaamini kwamba upepo ukimpiga mtoto kifuani, basi tayari ana nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, si upepo. Vijidudu hivyo huenezwa kwa kikohozi na chafya, hasa watu wanapojifungia chumbani madirisha yamefungwa, kama tunavyofanya wakati wa mvua. Moshi wa jiko na wa sigara nao huyadhoofisha mapafu ya mtoto.

Kwa hiyo sweta peke yake haitamkinga mtoto na nimonia. Kinga yake ni maziwa ya mama bila kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza, mikono iliyonawiwa, hewa safi, na chanjo. Tangu 2011, watoto wa Kenya wanapata chanjo ya kuzuia aina fulani za nimonia, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Lakini mama, usiseme sasa kwamba baridi haina neno. Mtoto mchanga anaweza kufa kwa kupoa tu, na aliyepoa huwa dhaifu kupambana na ugonjwa mwingine wowote.

KABLA YA KUPANDA, JIULIZE

Je, lazima iwe pikipiki? Hapana njia ya kumbeba mtoto mchanga juu ya bodaboda iliyo salama kweli. Hakuna helmeti ya mtoto wa umri huo, na mkianguka mikono ya mama haiwezi kumzuia. Fikirieni kwanza njia nyingine.

Tuktuk ni afadhali. Kaa katikati, teremsha pazia la upande unaotoka upepo, na mwambie dereva aende polepole. Matatu pia ni afadhali, ukikaa mbali na dirisha lililo wazi. Kutoka Liwatoni hadi Ganjoni si mbali, na mvua ikikatika mama mwenye nguvu anaweza kutembea.

Je, lazima iwe alfajiri? Kama ni kupima uzito au chanjo, subirini jua litoke kidogo. Mama anayekaa arobaini ndani asiwe na wasiwasi: siku arobaini na wiki ya 6 ya chanjo zinakaribiana sana, mambo hayo mawili hayagombani. Ila mtoto akiwa mgonjwa, au mama akitokwa na damu nyingi au akiwa na homa, arobaini haizuii mtu kwenda hospitali, usiku au mchana.

Wekeni nauli ya tuktuk kando tangu mimba ikiwa na miezi 7 au 8, na muwe na nambari ya simu ya dereva mnayemwamini. Mama aliyepasuliwa asirudishwe nyumbani kwa pikipiki. Kila shimo la barabara hutikisa mshono wake.

IKIWA HAPANA BUDI

Huenda ni usiku, mtoto anaumwa, na kilichopo ni pikipiki peke yake. Basi fanyeni hivi.

Mwekeni mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Avae nepi kavu, kofia na soksi, kifua chake kilalie kifua cha mama katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura. Mfungeni kwa leso kavu iliyobana, kisha mama avae nguo na sweta juu yao wote wawili. Hii ndiyo njia ya kangaruu, iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na vitanda vichache vya kuwapasha joto watoto njiti. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto waliozaliwa wadogo. Kifua cha mama hutoa joto lenyewe. Blanketi huhifadhi tu joto lililopo, na likilowa haliwezi hata hilo.

Msimfunge mgongoni. Humwoni, na upepo na mvua vinampiga. Msimkalishe mtoto yeyote mbele juu ya tangi, hata wa miaka mitatu. Hapo ndipo upepo ulipo mkali, na mkigonga yeye ndiye wa kwanza kurushwa. Mama akae nyuma, aache nafasi ya ngumi moja kati ya mtoto na mgongo wa mwendeshaji, ili pikipiki ikifunga breki mtoto asibanwe.

Akina mama wa buibui, sikilizeni hapa. Vaeni suruali ndani, kaeni kwa kutagaa, kisha mkusanye buibui na ncha za leso mzikalie. Kukaa upande mmoja huku umebeba mtoto ni rahisi kuanguka. Na nguo inayopeperuka ikishikwa na mnyororo au gurudumu, itakuvuta chini kwa ghafla.

Mama avae helmeti. Sheria ya Kenya inataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi inayong'aa, na abiria awe mmoja tu. Msikubali kubebwa "mishikaki", yaani watu watatu au wanne. Mwambie kijana wa bodaboda bila haya: "Mwanangu, nina mtoto mchanga, nenda polepole." Mwendo ukipungua, upepo unapungua na hatari ya kuanguka inapungua. Ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki usiutegemee penye upepo wa bahari, kama Daraja la Nyali. Upepo ukiujaza, unaiyumbisha pikipiki nzima. Kwenye feri ya Likoni, shukeni na msimame mahali palipokingwa na upepo.

Mvua ikiwa kubwa, simameni chini ya paa hadi ipungue. Mwendeshaji aliyelowa hushikwa na ganzi ya vidole na huchelewa kubana breki. Nanyi wenye mume au kijana anayeendesha, mhimizeni avae koti la mvua na glovu, na abebe shati kavu.

USO UWE WAZI

Bibi zetu walitufundisha kofia, soksi na leso kavu, na hilo ni la hekima. Lakini wengine wakiogopa upepo humfunika mtoto leso tatu mpaka usoni, kisha blanketi zito, na hata nailoni juu yake. Mtoto huyo anaweza kukosa hewa, naye hana nguvu ya kujifunua. Injini inanguruma, mama hasikii kama ameacha kupumua.

Kwa hiyo pua na mdomo viwe wazi wakati wote. Geuza uso wake upande mmoja, kidevu kisibanwe kifuani. Nailoni isiguse kabisa kichwa cha mtoto. Koti la mvua livaliwe na mama, naye ainamishe kichwa kumkinga mtoto. Simameni kila baada ya dakika chache mumtazame. Na mtoto mwenye homa msimfungie nguo nyingi, maana homa itazidi.

MKISAFIRI KWENDA BARA

Wengi wetu tuna jamaa bara. Basi la usiku likitoka Mombasa kuna joto, nanyi mmevaa nguo nyepesi. Mkishuka Limuru au Kinangop alfajiri ya Julai, joto huweza kuwa chini ya digrii 10, na bodaboda ndizo zinazowangojea stendi. Baridi hiyo pamoja na upepo wa pikipiki ni hatari kubwa. Wekeni kofia, sweta na nguo kavu za mtoto katika mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Kaeni ndani hadi jua litoke, au mwiteni jamaa aje na gari.

MKIFIKA

Vueni nguo zote zilizolowa za mtoto na za mama. Mkausheni mtoto, hasa kichwa. Mrudisheni ngozi kwa ngozi, mfunikeni, na anyonye. Msimwogeshe kwanza. Msimwekee chupa ya maji ya moto, itamuunguza. Msiweke jiko la makaa chumbani mkafunga mlango, kwani hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Msimpake mafuta ya taa wala dawa kali za kuchua zenye kafuri.

Kama hamna kipimajoto, gusa tumbo na nyayo zake kwa nyuma ya mkono wako. Tumbo likiwa na joto na nyayo zikiwa baridi, mtoto ameanza kupoa: mpashe joto mara moja. Tumbo na nyayo zote zikiwa baridi, hiyo ni hatari. Mbebe ngozi kwa ngozi mwende hospitali.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi mkiona moja kati ya hizi:

- Mtoto hanyonyi, au ameacha kunyonya kama kawaida.
- Amelegea, haamki, au hajisogezi mpaka aguswe.
- Ana degedege.
- Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anakoroma kwa shida.
- Joto la mtoto mchanga liko chini ya 35.5, au limefika 37.5 au zaidi.
- Anapumua haraka. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: mara 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Hapo usafiri wowote ni bora kuliko kukaa nyumbani, hata pikipiki, kwa utaratibu tuliousema. Msiogope pikipiki mkamchelewesha mtoto mgonjwa.

TUKUMBUKE

Kwanza, tuktuk au matatu kabla ya bodaboda. Pili, ikiwa hapana budi, mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa mkavu. Tatu, uso wake uwe wazi. Nne, mwendo wa polepole, abiria mmoja, helmeti kichwani. Tano, mkifika, mguse tumbo na nyayo.

Mama uliyesikia, mwambie jirani aliyejifungua juzi, na mwambie pia kijana wa bodaboda wa mtaani kwenu, maana naye ana mama, ana dada, na huenda ana mtoto. Mwenye swali aje kliniki amuulize muuguzi, kuuliza si aibu.